Siku Bisibisi Alipoishtaki Kompyuta Yake

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye vyeti tu. Mtaani na sokoni aliitwa Bisibisi, naye akaitika. Jina hilo lilimshika akiwa bado msichana wa shule, siku baba yake aliporudi kutoka kazini akakuta saa ya ukutani, pasi ya umeme na feni ya sebuleni vimetawanyika sakafuni vipande vipande, na binti yake ameketi katikati, bisibisi mdomoni. Baba alitafuta mkanda. Mama akamsihi angoje kidogo. Kabla jua halijazama saa ilikuwa inatembea, pasi inapata moto, na ile feni, ambayo miaka yote ililia kama mlango wenye kutu, ilizunguka kimya. Baba akasahau mkanda, akaenda kumwita jirani aje asikie feni isiyosikika.

Akasoma chuo cha ufundi, kisha akapanga chumba chini ya ghorofa la ofisi, kati ya fundi viatu na duka la kutoa kopi. Kilikuwa chumba cha ubaridi, jua halikifikii hata mchana, na ndani yake palikuwa na meza ndefu, taa ya kuinamisha, na harufu ya risasi ya kulehemu isiyotoka hata ukifungua mlango kutwa nzima. Hapo alitengeneza kompyuta, printa na kila chenye waya. Alikuwa mrefu, mwembamba, wa maneno machache, mwenye msimamo mmoja usiotingishika: chuma hakidanganyi. Mteja akileta mashine inayojizima ovyo, swali lake la kwanza lilikuwa ni nani ameingiza programu gani. Mara nyingi alipatia, na kupatia mara nyingi ni ulevi wa aina yake.

Kazi aliyoionea fahari kuliko zote ilikuwa kompyuta ya redio. Mji ule ulikuwa na kituo kimoja kidogo cha redio, orofa ya juu kabisa ya jengo lililo nyuma ya soko. Kompyuta yao ya kwanza ilipokufa, mkuu wa kituo, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya upole, alimpa Bisibisi kazi ya kuunda nyingine. Akaiunda kwa mkono wake, kipande kwa kipande, akikichagua kila kimoja kama mtu anayechagua viatu vya safari ndefu. Matangazo yote yalipita humo, kuanzia salamu za alfajiri hadi taarifa ya habari ya mwisho. Ikafanya kazi miaka na miaka bila kukohoa. Mkuu alimsifu hewani, watu wakazoea kuiita kompyuta ya Bisibisi, naye kila alipopita barabarani akasikia redio inaongea dukani, alitembea kama mzazi ambaye mwanawe amepanda jukwaani.

Kaka yake, mwalimu wa hesabu, akaoa mwandishi wa programu. Wifi huyo alikuwa mfupi, mcheshi, mwepesi wa kicheko, na mawifi hao wawili walipendana kwa njia ya kuchokozana. Bisibisi alisema kazi ya wifi yake haishikiki wala haikamatiki kwa koleo, kwa hiyo hakuna anayejua kama ipo. Wifi alijibu kwamba Bisibisi anauza masanduku, na kwamba sanduku bila mtu wa kulitia akili ni kabati tu. Mama yao alicheka, akawaambia wale kwanza.

Mzaha ukawa si mzaha tena pale redio ilipotaka programu mpya. Mkuu alitaka kituo kiweze kupokea sauti ya mtangazaji aliye mbali na kuirusha papo hapo, na kuhifadhi kila kilichotangazwa. Programu ya zamani haikuyaweza hayo. Wifi akaandika mpya, na kwa muda kila kitu kilikwenda sawasawa. Halafu msimu wa joto ukaingia, na kompyuta ya Bisibisi ikaanza kuganda.

Iliganda bila taarifa. Picha kwenye kioo ilisimama, sauti ikakatika, na mji mzima ukabaki na ukimya hadi mtu azime na kuwasha upya. Siku moja tangazo la magodoro lilifika kwenye maneno "ukishalala juu ya godoro hili" likanyamaza hapo hapo, kimya kirefu, mpaka wauza mboga sokoni wakasema mtangazaji mwenyewe amelijaribu. Watoto wa shule waliuigiza ukimya huo darasani. Mtu akikatiza mazungumzo ghafla, wenzake walimuuliza kama ameingiziwa programu mpya.

Kwa maana kila mtu alikwisha kuamua. Kompyuta ilikuwa nzima miaka yote, programu imekuja jana, na leo kuna matatizo. Hapo hakimu wa nini? Mtangazaji wa asubuhi alitania hewani kwamba kituo kimepewa programu yenye usingizi. Na aliyeshikilia neno hilo kuliko wote alikuwa Bisibisi. Aliichukua kompyuta akaipeleka kwenye karakana yake, akaipima kutwa nzima, haikuonyesha kosa hata chembe. Wifi naye aliiweka programu yake kwenye kompyuta yake ya nyumbani, akaiacha ifanye kazi wiki nzima, isigande hata mara moja. Kila mmoja akawa na ushahidi, na ushahidi wa kila mmoja ulikuwa wa kweli.

Jumapili mezani kwa mama hapakulika vizuri. Kaka alijaribu kusuluhisha, akasema mwamba ngoma huvutia kwake, ngozi itachanika. Mke wake akamtazama, dada yake akamtazama, akarudi kwenye sahani yake. Mama ndiye aliyefunga mjadala. Alisema yeye hajui chuma wala programu, anachojua ni kwamba redio yake inanyamaza na watoto wake hawasemeshani, na kwamba la pili linamuudhi zaidi.

Katikati ya hayo ikaja habari njema yenye miiba. Timu ya wasichana ya mji ule, ambayo ilianza kwa kuchezea uwanja wa shule wenye mawe, iliingia fainali. Mechi ingechezwa mji wa mbali, hakuna televisheni itakayoionyesha, na walioweza kusafiri walikuwa wachache. Masikio ya mji yote yalikuwa redio hiyo moja. Mkuu akawaita mawifi wote wawili ofisini kwake. Kwa upole wake uleule alisema hawezi kuwanyamazishia watu fainali katikati. Atarudisha programu ya zamani. Haiwezi kupokea mechi, basi mechi haitatangazwa, wataomba radhi. Na programu mpya itaondolewa moja kwa moja.

Bisibisi alikuwa ameshinda. Alikisubiri kitu hicho msimu mzima, na sasa kilipofika alikiona chepesi mkononi. Wifi hakubisha. Alikunja nyaya zake taratibu, na walipofika kwenye ngazi akasimama.

"Wifi, ikiwa kosa ni langu nalikubali," alisema. "Lakini sijaliona. Kosa nisiloliona siwezi kulitengeneza. Nitakwenda nalo tu kwenye kazi nyingine, likaumize wengine."

Maneno hayo yalimwingia Bisibisi kuliko ambavyo angependa. Yeye mwenyewe hakuwahi kutupa kifaa cha mteja kabla hajakiona kimekufa kwa macho yake. Wanafunzi wa chuo walipokuja kwake kujifunza aliwafukuza wale waliobadilisha vipande kwa kubahatisha. Na hapa alikuwa ameihukumu kazi ya wifi yake kwa sababu tu ilikuja mwisho. Akageuka, akapanda ngazi tena, akamwomba mkuu awaachie mashine hadi mkesha wa mechi. Mkuu alimtazama kwa mshangao, kwa kuwa aliyekuwa akiombewa muda ni mshtakiwa na anayeomba ni mshtaki. Akakubali.

Safari hii hawakuihamisha kompyuta. Waliketi pale studio, mchana, kwenye viti vya plastiki nyuma ya kioo kinachowatenga na mtangazaji, wakaingoja igande mbele yao. Ikaganda. Wakaiwasha, ikaganda tena. Wifi alikuwa akifuatilia programu imefika wapi kila inaposimama, na kadiri alivyofuatilia ndivyo alivyokunja uso.

Alimweleza Bisibisi kwamba kosa la programu lina tabia. Ni kama mtu asiyejua kulitamka neno fulani: kila akilifikia atajikwaa palepale. Hii haijikwai palepale. Leo imeanguka kwenye kupokea sauti, sasa hivi kwenye kuhifadhi, jana ilikuwa haifanyi lolote.

"Hii haijikwai kwenye neno, wifi," alisema. "Hii inaweweseka. Kama mtu mwenye homa."

Bisibisi aliinuka, akaenda kwenye kabati la mbao lililowekewa kompyuta. Seremala alilitengeneza vizuri, lina mlango na kitasa, ili vumbi lisiingie. Lilikuwa limeegemezwa ukuta wa upande wa jua la mchana. Akafungua mlango, akaingiza mkono, na mkono ukakutana na joto kama la chungu kilichoepuliwa. Hapo akafahamu kwa nini karakana yake haikumwambia kitu. Alikuwa amempima mgonjwa kwenye ubaridi, kisha akamrudisha kwenye tanuri akidhani ni mzima.

Akafunga mlango wa kabati makusudi. Wakaiacha redio irushe muziki kwa kompyuta ndogo ya kuazima, na ile kubwa wakaiwekea kipimo cha kumbukumbu, programu ndogo inayoandika alama kwenye kila pembe ya RAM, vile vijiti vyembamba ambavyo kompyuta hushikilia mambo inayoyafanya kwa wakati huo, kisha kuzisoma tena ione kama zimebaki vilevile. Bisibisi alikipenda kipimo hicho kwa kuwa hakina siasa. Kioo cha kompyuta kikabaki safi muda mrefu. Simu ya wifi ikalia, akatoka nje kwenda kuipokea. Jua lilikuwa limefika ukutani.

Mstari mwekundu ukatokea. Halafu wa pili. Halafu ikawa kama mvua.

Bisibisi alikuwa peke yake na mistari hiyo. Mtangazaji nyuma ya kioo asingeielewa hata angeiona. Kijiti kimojawapo cha RAM, alichokichagua yeye, akakichomeka kwa dole gumba lake mwenyewe hadi kikalia ka, kilikuwa kinasahau kila kikipata joto. Angeweza kukibadilisha kimyakimya. Mfukoni mwa begi lake kulikuwa na vingine. Angesema ameisafisha, ameikazia nyaya, na kompyuta ya Bisibisi ingebaki kompyuta ya Bisibisi. Programu ingeendelea kusemwa vibaya kidogo, kisha watu wangesahau. Alikaa akiitazama mistari, na moyo wake, alivyokuja kumsimulia kaka yake baadaye, ulikuwa unagonga kama wa mtu aliyekuta barua isiyo yake.

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Akaufungua mlango wa studio, akamwita wifi yake aje aone.

Wifi aliiona mistari, akafunika mdomo kwa kiganja. Lakini Bisibisi hakutaka kushangiliwa bado. Alitaka hukumu isiyokatiwa rufaa. Wakakitoa kijiti kimoja, wakapima: safi. Wakakirudisha, wakakitoa cha pili, wakapima: mistari. Wakakichukua kile kibaya wakakitia kwenye kompyuta ya mapokezi, iliyo nzima na haijawahi kuiona programu ya wifi, wakaipasha joto kwa kuifunika kanga. Mistari ileile ikahamia huko.

"Kosa limehama na kijiti," Bisibisi alisema. "Basi kijiti ndicho."

Lilibaki swali moja, na lilimkera. Kama kijiti ni kibovu, mbona miaka yote kilinyamaza? Wifi ndiye aliyelifungua. Programu ya zamani ilikuwa ndogo, iliishi kwenye sehemu finyu ya kumbukumbu. Yake ni kubwa, inahifadhi, inapokea, inarusha, inaijaza yote. Ni kama familia iliyoishi miaka katika vyumba viwili vya mbele bila kujua paa la chumba cha nyuma linavuja; siku wageni walipokuja wakalazwa huko, wakaamka wamelowa, wageni wakalaumiwa kwa kuleta mvua. Bisibisi akacheka hadi akaegemea kabati. Msimu mzima hawakuwahi kucheka pamoja.

Mkuu wa kituo aliposikia alisema vizuri, yamekwisha, rekebisheni tuendelee. Bisibisi akasema hayajaisha. Aibu ilitangazwa hewani, na yeye anaomba nafasi hewani. Mkuu akamwambia hakuna aliyemdai hilo. Alijibu kwamba ndiyo sababu anaomba.

Kwa hiyo kesho yake asubuhi, mji ukiwa unakunywa chai, sauti ambayo wengi waliijua kutoka karakana tu ilitoka kwenye redio zao, nzito kidogo, bila mapambo.

"Kompyuta ya redio hii niliiunda mimi," ilisema. "Mlipokuwa mkisikia kimya, mlimlaumu wifi yangu, na mimi nilikuwa wa kwanza. Tumepima. Kosa lilikuwa kwenye kompyuta. Programu ni nzima, na bila hiyo tusingejua. Jumamosi mtasikia mpira mwanzo hadi mwisho."

Walipotoka studio, mtangazaji wa asubuhi, yule wa mzaha wa usingizi, alimsimamisha wifi mlangoni akamwomba msamaha, naye akamwambia alipe kwa kuutangaza mpira vizuri. Bisibisi alishuka ngazi akitegemea macho ya watu yamkate. Fundi viatu, jirani yake, alimwangalia kwa muda, kisha akasema tangu leo hata redio yake ya kijijini kwa wazazi ataileta kwake, maana fundi anayeweza kusema hapa nimekosea mimi hajamwona tangu azaliwe. Kabla ya saa za mchana, mezani kwake palikuwa na mashine ambazo hakuweza kuzimaliza wiki ile.

Jumamosi ilikuwa na joto la kukausha mate. Kijiti kipya kilikuwa mahali pake, mlango wa kabati umeng'olewa, na feni ndogo aliyoifunga Bisibisi ilipuliza moja kwa moja kwenye mgongo wa kompyuta. Mawifi waliketi studio, hedifoni masikioni. Sauti ya mtangazaji aliyeko uwanjani ilifika safi, na nyuma yake kelele za mashabiki. Chini, soko halikuuza. Watu walikuwa wamekusanyika kwenye kila mlango wenye redio, kinyozi amewasha yake kwa sauti ya juu kabisa na mteja wake nusu kichwa kimenyolewa.

Wasichana walifungwa mapema. Jua likafika ukutani, palepale, saa ileile ya maradhi. Bisibisi hakuusikiliza mpira, aliisikiliza feni. Alikitazama kioo cha kompyuta mpaka macho yakamtoka machozi. Wifi alimshika mkono. Kipindi cha pili, wasichana wakasawazisha, na hapo Bisibisi akagundua jambo ambalo hakulitarajia. Alilisikia bao hilo mara mbili. Kwanza kwenye hedifoni, halafu, baada ya kitambo kifupi ambacho sauti ilihitaji kupita kwenye kompyuta na kwenda hewani, mji mzima ukalipuka chini ya dirisha.

Mechi ikaingia muda wa nyongeza. Ikaingia penalti. Kompyuta ilikuwa imefanya kazi kwa muda mrefu kuliko siku yoyote ya msimu ule, kumbukumbu imejaa, joto limepanda hadi kioo cha studio kilikuwa cha uvuguvugu. Mkuu wa kituo alikuja akasimama nyuma yao, amekunja mikono kifuani, mwalimu mbele ya mtihani ambao hawezi kuusahihisha.

Golikipa wa wasichana, binti wa mwendesha bodaboda wa mtaa wa pili, alipangua penalti ya mwisho kwa mguu. Kwenye hedifoni mtangazaji alipiga ukelele hadi sauti ikakwaruza. Bisibisi alivua hedifoni zake, akaenda dirishani, akangoja.

Ukaja. Ulianzia kwa kinyozi, ukakimbia upande wa soko, ukapanda orofa kwa orofa, masufuria yakagongwa, honi zikalia, na wanawake wakapiga vigelegele vilivyopokezana kutoka paa hadi paa hadi vikapotelea mwisho wa mji. Hakuna mahali palipobaki kimya. Nyuma yake kompyuta iliendelea kurusha, haijali, neno baada ya neno. Wifi alikuja akasimama kando yake, akalia na kucheka kwa pamoja, na Bisibisi, ambaye watu walimjua hakumbatii mtu, akamkumbatia hadi miguu yake ikaachana na sakafu.

Simu ikalia mfukoni mwa mmoja wao. Alikuwa mama. Kwa kelele zilizokuwepo hawakusikia anasema nini, wakamwekea simu dirishani asikie mwenyewe.